Kalenda ya Mama Iliyoanza na Jumamosi

Mama alipoanza kisomo cha watu wazima, miaka ile ya ujamaa, hata mbuzi wetu pale Kishanda alisalimiwa kwa Kiswahili. Nyumbani tulizungumza Kihaya tu. Mimi nilikuwa darasa la pili na nilijiona profesa.

Siku moja akaamua kutengeneza kalenda. Alichana mfuko wa saruji, akachukua karatasi safi ya ndani, akapiga mistari ya mkaa kwa kutumia kipande cha utete. Ilikuwa ya siku saba tu. Tarehe, alisema, zingengoja akili zikue. Kwetu Wakatoliki wa Kihaya, siku huitwa kwa namba: ya kwanza ni ile inayofuata misa, na ya tano ni ile tusiyokula nyama. Lakini mwalimu wake, Mwislamu wa Bukoba mjini mwenye asili ya pwani, aliwaimbisha siku kuanzia Jumamosi, kama watu wake wanavyohesabu. Basi mama akaiweka Jumamosi kwenye siku yetu ya kwanza, nyingine zikafuata, na Ijumaa ikaangukia siku ya misa. Akafurahi mno. Si mwalimu alisema Ijumaa ni siku ya kusali?

Nilijua amekosea. Shuleni tulikaguliwa kucha kila Jumatatu, na hiyo ndiyo ilifuata misa. Ila juzi yake nilimcheka alipokuwa akisoma, akanizaba kofi, nami nikaapa simsahihishi tena.

"Ni sawa, mwana wange?"

"Ni sawa, mama."

Akaibandika ukutani kwa uji wa muhogo. Siku nzima alikuwa akipita pale kuitazama.

Haukupita muda, ikaja barua ya baba kutoka Goziba, alikokuwa akivua karibu mwaka mzima. Aliandikiwa kwa Kiswahili na mwenzake wa kambini asiyejua Kihaya. Zamani mama angempelekea katekista amsomee. Safari hii aliketi kizingitini akaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, jasho likimtoka: baba atashuka mwaloni, pale boti za wavuvi zinapotia nanga, Jumatano, na boti itarudi kisiwani kesho yake asubuhi. Akasimama mbele ya kalenda, akahesabu kwa kidole. Jumatano, siku ya tano. Ningeweza kusema. Nilikuwa bado nimenuna, na baadaye nikaogopa.

Siku ya tano tuliondoka alfajiri, mama amejitwika ndizi na senene wa kukaanga, amevaa gauni la Krismasi. Njia nzima aliimba. Mwaloni, mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa akatutazama kwa huruma.

"Mumeo alikungoja tangu juzi. Jana asubuhi aliishikilia boti mpaka wenzake wakamgombeza, wakaondoka."

Mama akaweka mzigo chini. Hakulia. Alikaa mchangani akitazama ziwa, nami nilitamani kufa.

Tulikuwa tumepanda nusu ya kilima cha kurudi aliponiuliza, bila kugeuka, "Shuleni Jumatano ni siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama."

Akaendelea kutembea. Afadhali angenichapa. Nilisubiri fimbo wiki nzima, haikuja.

Kisomo hakurudi tena. Jioni wenzake walipopita kumwita alisema mgongo unamuuma, na daftari lake likaishia kuwashia moto. Barua zikawa zinakwenda tena kwa katekista.

Baba alirudi baada ya mavuno ya kahawa, amekonda, akiwa bado na kinyongo. Chakula kilipokwisha aliuliza kwa nini hakumkuta mtu mwaloni, na kama kuna aliyempotosha mke wake.

"Nani anipotoshe?" mama akasema. "Nilihesabu vibaya mwenyewe. Kusoma si kazi yangu, ni ya huyu mtoto wako. Yeye ana akili."

Baba akanigeukia akitabasamu, akanipa kipande chake cha samaki. Nilikila chote.