Mwalimu Aliyeapa Wallahi

Kila alfajiri, kabla ya kukanda, Fakhria huandika neno moja la Kiingereza kwa kidole juu ya unga kwenye sinia. Hulitazama, hulitamka bila sauti, kisha humimina tui juu yake na kuanza kazi. Neno huingia kwenye mahamri, mahamri huliwa na nusu ya mtaa wa Ngamiani, na hakuna anayejua amekula nini.

Ana miaka thelathini na sita. Alimaliza kidato cha nne kwao Kigombe akiwa amefaulu masomo matatu, akaolewa na Hashil, akahamia kwa wakwe. Chuo cha malezi ya watoto kilitaka masomo manne, na lililopungua lilikuwa Kiingereza. Miaka minane iliyopita aliurudia mtihani waziwazi, nyumba nzima ikijua. Akafeli. Mama mkwe wake, Bi Khuloud, alimwita “waziri wetu” mpaka Ramadhani mbili zikapita. Mwaka huu akaamua kurudia tena, ila safari hii watu wajue siku watakapokiona cheti.

Akatafuta mwalimu. Kwanza alikwenda Mabawa kwa Mwalimu Benedikta, mstaafu anayefundisha tuisheni chini ya banda la bati nyuma ya nyumba yake. Benedikta alimpa kitabu asome, akamkatiza mara tano katika mistari mitatu.

“Njoo Jumatatu mpaka Alhamisi, saa kumi.”

“Mwalimu, sitaki watu wajue. Huwezi kunifundisha peke yangu?”

“Kwangu watu wanakaa benchi, mama. Aibu utaiacha mlangoni pamoja na viatu.”

Fakhria aliyatazama mabenchi. Wasichana wa sketi za shule walikuwa wakimtazama yeye. Hakurudi.

Wa pili alikuwa Mazin, kijana wa mtaa wa nyuma, aliyemaliza chuo kikuu na hajapata ajira. Mpole, shikamoo yake haikosi. Alimwambia hana haja ya kwenda popote: kila jioni ajirekodi kwenye simu akisoma ukurasa mmoja, amtumie, naye atamsahihisha. Fakhria hakumuuliza anasahihishaje. Alimuuliza jambo moja tu.

“Na siri?”

“Wallahi, Bi Fakhria, hata mama yangu hatajua.”

Basi. Kwa Fakhria, mtu akishasema wallahi hakuna la kuongeza. Baadaye aliniambia mimi, jirani yake, kwamba siku ile alichagua kiapo, mwalimu akaja nacho.

Kwa karibu majuma sita, kila siku baada ya sala ya alasiri, aliteleka karai la mafuta jikoni, akajifungia chumbani kwa dakika tatu na kusoma. Kabla ya magharibi jibu la Mazin lilikuwa limefika: “Safi sana, endelea.” Akaendelea. Kulikuwa na neno moja la kilimo, agrikacha, lililomsumbua. Alikuwa akikwama katikati yake, agri, agri, kama anayepanda ngazi iliyokatika.

“Safi sana,” aliandika Mazin.

Ijumaa moja Nihal, wifi yake, aliingia uani na simu mkononi.

“Mama, njoo usikilize. Sauti yako iko kwenye grupu la tuisheni.”

Mwanamke alikuwa akisoma Kiingereza kwa kukwama. Agri, agri, agri. Halafu, mwisho kabisa, sauti ikaita kutoka mbali: “Fakhria weye! Mafuta yanaungua!”

“Ndiye miye huyo!” Bi Khuloud alicheka mpaka mtandio ukamdondoka. “Na yaliungua kweli siku ile!” Kisha akageuka polepole kumtazama mkwewe. “Kumbe waziri wetu karudi ofisini.”

Grupu lilikuwa la Mazin, na chini ya rekodi ile alikuwa ameandika: “Mwanafunzi wangu mmoja alianza hivi. Msikate tamaa, njooni tusome.”

Hashil aliporudi kutoka dukani naye akasikilizishwa. Alicheka, si sana, akaomba chai. Kesho yake mtoto aliyetumwa mahamri alisimama kizingitini akasema, “Bi Agri, nipe matano.”

Fakhria alijitanda buibui akaenda kwa kina Mazin. Alimkuta barazani.

“Ulisema wallahi, Mazin.”

“Bi Fakhria, jina lako sikulitaja hata mara moja.”

“Kalitaja mama mkwe. Sikiliza.”

Aliiweka simu kati yao. Mazin alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, uso umetulia kama wa mtu anayesubiri kuomba radhi. Ulipofika ule mwito wa mafuta, alishtuka. Alishtuka kama mtu anayeusikia kwa mara ya kwanza, na Fakhria akauona mshtuko huo.

“Hukufika mwisho,” akamwambia.

“Wanafunzi ni wengi, Bi Fakhria, wakati mwingine mtu…”

“Hii peke yake, au zote?”

Mazin akatazama vidole vya miguu yake.

Zilikuwa rekodi arobaini na moja. Fakhria alikuwa amekwenda pale kwa ajili ya siri yake. Alipokuwa akirudi, siri ilikuwa jambo dogo. Jioni arobaini na moja alikuwa amejifungia chumbani, akimsomea mtu ambaye hakuwapo. Na mtihani ulikuwa umebakiza majuma saba.

Asubuhi moja nilisubiri wateja wapungue, nikamsaidia kupanga mahamri kwenye hotipoti, ndipo nikapata ujasiri wa swali moja. Nilimuuliza kama amemsamehe Mazin.

“Hapana,” akasema, akaifunika hotipoti. “Saa kumi nakwenda Mabawa. Nakaa benchi la mbele, huko nyuma siuoni ubao.”