Inshallah ya Kilima Nundu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata harufu yake: siku niliyopanda Kilima Nundu nikiwa na jibu la watu mdomoni, na sitaki kulitoa.

Nakuita mwanangu na najua utacheka, maana hatukupishana sana kwa umri. Lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu, na shangazi ni shangazi hata kama mama yake bado anamgombeza kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Mama yako ameniambia kwamba Pemba, hii yetu ya mjini si ile ya kisiwani, wamekupa nafasi ya kusomea uuguzi, na kila wakikupigia unawajibu, "Inshallah." Niliposikia hivyo nikachukua kalamu. Hiyo inshallah naifahamu. Niliwahi kuishi nayo.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu Nampula, nimerudi nyumbani na diploma yangu, na watu wetu nao ndio kwanza walikuwa wakirudi kutoka ukimbizini. Nyumba hii ina bati jipya, ile bado ni kuta tupu. Diretori, yaani mkuu, wa shule moja ya msingi upande wa Mucojo alipata habari zangu, akanitafuta. Watoto walikuwa wamerudi, mwalimu hakuna. Akaniuliza kama nitakuja. Nikamwambia, "Inshallah, mwalimu." Akaniuliza tena, nikamwambia hivyo hivyo. Mwisho akasema atasubiri mpaka Alhamisi alasiri, basi.

Usidhani nilikuwa mvivu. Nilikuwa napima. Nikienda, mama atabaki na nani? Nisipoenda, nitapata wapi kazi nyingine? Na nikipata nyingine iliyo bora wiki moja baada ya kwenda? Na watoto wakinicheka? Kila swali lilizaa jingine, na mimi nayalisha yote. Usiku silali, mchana nasinzia juu ya sufuria.

Sasa, kijijini kwetu rede, mtandao wa simu, ilikuwa haishiki tangu mnara uharibike. Aliyetaka kupiga simu alipanda Kilima Nundu. Unakijua kwa mbali tu, kama nundu ya ng'ombe inayochungulia baharini. Ukikikaribia ni kitu kingine. Upande wa nchi kavu kinapanda polepole kutoka kwenye machamba ya mihogo na mikorosho, lakini nusu ya juu ni mawe matupu ya matumbawe yaliyokufa, yenye meno makali na matundu ambamo huingizi mkono kabla ya kuchungulia. Upande wa bahari kinakatika ghafla, na mawimbi yanapiga chini humo kama mtu anayebisha mlango.

Alhamisi hiyo asubuhi nilimkuta Bibi Salima, dada yake babu, yupo chini ya kilima anachimba ming'oko vichakani. Kikapu chake kilikuwa tayari na mizizi ya kutosha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Viatu hivyo unakwenda bungeni?"

"Napanda kupiga simu."

"Na mimi napanda. Nataka kumsikia Athumani." Athumani ni mwanawe, anafanya biashara ya nguo Mtwara. "Twende, unishike mkono nikianguka. Ukianguka wewe, nitapiga kelele watu waje."

Tukafika mahali njia inapogawanyika. Moja inapita kwenye vichaka, nyingine inapanda moja kwa moja juu ya mawe. Nikasimama. Ya vichakani ina miba na pengine nyoka. Ya mawe ina jua na inateleza. Nikaangalia huku, nikaangalia kule.

"Mbona unaikagua hivyo hiyo njia?" Bibi aliuliza. "Unataka kuioa?"

Akapita ya mawe, nami nikafuata. Nakwambia ukweli, mwanangu, nilikuwa nimepanda kile kilima mara nyingi bila kukiona, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kikitembea sehemu nyingine. Siku ile, kwa kumchunga Bibi asidondoke, nililazimika kutazama. Nikaona shimo pana lenye weusi pembeni, ambamo wazee walichoma matumbawe wapate chokaa ya nyumba zao. Sasa ndani umeota mkwaju mdogo. Nikaona pango lenye popo, na harufu yao kali ilitufukuza kabla hatujachungulia. Ngedere walikaa juu ya mwamba wakatutazama kama wenye nyumba wanavyowatazama wageni waliokuja bila hodi.

Tulipotokea juu, nchi yote ikafunguka. Mikoko ya kijani ikizunguka mkondo wa maji, uwanja mweupe wa chumvi, machamba yaliyolimwa na yale yaliyogeuka pori kwa sababu wenyewe hawajarudi. Mbali baharini kisiwa cha Rongui kilikuwa mstari mwembamba tu. Nikatafuta bati la kwetu nikaliona. Bibi hakuangalia chochote. Alikwenda moja kwa moja kwenye Jiwe la Rede, bapa moja ambalo watu wamelikalia mpaka limelainika, akanipa simu nimtafutie namba.

Athumani akapokea. Bibi hajui kusema na simu kwa sauti ndogo, na spika ilikuwa wazi, kwa hiyo sikuhitaji kudukiza.

"Baba, Idi utakuja?"

"Inshallah, mama."

"Hapana. Nimekuuliza wewe. Mungu nitamwomba mwenyewe jioni. Wewe unakuja au huji?"

Athumani akacheka. Upepo ulikuwa ukivuma nikadhani rede imekatika.

"Siji, mama," akasema taratibu. "Mzigo wangu haujafika. Nitakuja korosho zikishavunwa."

"Ahsante, baba. Sasa najua nipike kiasi gani."

Wakaulizana habari za afya, za mjukuu aliyeota jino, wakaagana. Bibi akaifuta simu kwa ncha ya kanga yake, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Hapo nikakumbuka Idi iliyopita. Nilikuwa nimekwenda kumpa mkono wa Idi, nikakuta amefunika bakuli la pilau kando, la Athumani, kwa sababu Athumani alikuwa amesema inshallah. Siku ya pili bakuli lilikuwa bado limefunikwa. Siku ya tatu tukawamwagia kuku.

"Bibi, si ingekuwa heri angesema inshallah tu, ufurahi kidogo?"

Akanigeukia. "Nifurahi nikiwa nachungulia njia? Mjukuu wangu, wewe unaongea hivyo kwa sababu nawe unayo ya aina hiyo. Mama yako kaniambia. Yule mwalimu anakuuliza, unamtupia Mungu. Mungu ndiye aliyeitwa kufundisha Mucojo?"

Nikampigia diretori. Akapokea haraka, sauti yake ikiwa ya mtu mwenye kazi nyingi.

"Ah, binti. Mimi nilishaelewa zamani. Mtu akiniambia inshallah kila nikimuuliza, najua hataki ila anaona haya kunikatalia. Na mimi ni mtu wa pwani. Sikungoja alasiri, nimeshamwita mwingine."

Hapo ndipo nilipojua kwamba nilitaka kwenda. Baada ya kupima kote kule, ilibidi nisikie mlango unafungwa ndipo nijue upande niliotaka kusimama.

"Amekubali?" nikauliza.

"Amesema inshallah."

Nilifungua mdomo nijibu, rede ikakata.

Nikajaribu tena pale pale, ikagoma. Bibi akanionyesha kwa kidevu mwamba wa upande wa bahari, ule mrefu, ambao siku zote nilikuwa nikiupita mbali. "Vijana huwa wanapigia pale, Jiwe hili likikataa." Nilivua vile viatu vya bungeni nikapanda kwa mikono na magoti. Jiwe lilinichana kiganja. Chini yangu bahari ilikuwa ikibisha mlango wake. Ungeniuliza wakati ule kama kuna hatari, ningekutajia hatari kumi. Lakini miguu ilikuwa imeshapita. Nikashika ukingo, nikasimama, nikapiga.

"Diretori, ni mimi. Nakuja."

"Unakuja, kweli?"

"Nakuja. Jumatatu niko hapo."

Nikasikia nyuma yake watoto wanapiga kelele. "Está bem, sawa," akasema. "Yule mwingine nitamshukuru. Mimi namtaka aliyenijibu. Jumatatu."

Niliposhuka, Bibi alikuwa amekaa akimenya mng'oko mmoja kwa kucha, kama mtu asiyesikia lolote.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia nakuja Jumatatu."

"Sasa sema na ile nyingine. Sasa ndipo mahali pake."

"Inshallah," nikasema. Na ndiyo mara ya kwanza nilipoisema nikiwa namwomba Mungu kweli. Barabara ilikuwa ndefu, gari lingeweza kuharibika, ningeweza kuugua. Yote hayo nilimwachia Yeye. Jambo la kwenda au kutokwenda halikuwa Lake tena. Nilikuwa nimeshalibeba mwenyewe.

Mwanangu, kazi ya Mucojo haikuwa rahisi, nami sitakudanganya kwamba niliacha kupima mambo. Bado napima. Barua hii yenyewe nimeiandika upya tangu asubuhi, na nimefuta shikamoo ya mama yako nikairudisha. Lakini nimejifunza hili moja, na ndilo ninalotaka ulishike: neno la Mungu usiligeuze pazia la kujifichia. Tulifundishwa kulisema tukishanuia jambo, ili tukumbuke kwamba nguvu si zetu. Hatukufundishwa kulisema mahali pa kunuia.

Na ujue kwamba anayekuuliza naye ana maisha. Huko Pemba kuna mtu anashikilia nafasi yako, na nyuma yake yupo msichana mwingine anachungulia njia. Ukisema siji, umemfungulia mlango. Ukisema nakuja, umejifungulia mwenyewe. Ukisema lile la katikati, unawaweka watu wote na mabakuli yaliyofunikwa. Hapana lililosemwa wazi linauma siku moja, na watu wakalala. Mimi sikuambii uende wala ubaki. Hilo sikulipandia kilima kwa ajili yako, na mwamba wako utaupanda mwenyewe. Ila panda, uwajibu, halafu uniambie umejibu nini, nami nitafurahi kwa lolote.

Mungu akupe moyo usiotetemeka mbele ya maswali ya watu. Akujalie ulimi mwepesi kwa ukweli na mzito kwa kudanganya. Popote miguu yako itakapokupeleka, akufikishe salama, akukutanishe na wenye huruma, na akurudishe kwetu ukiwa umenenepa. Amina, mwanangu.