Kokushubira na Deni la Maua

Kijijini Mabira kuna wanaume wa kujisifu, na wana haki yao. Kuna mwenye pikipiki tatu, kuna mwenye ng'ombe wa pembe ndefu, na kuna mmoja alifika Kampala mara mbili, mpaka leo kila mazungumzo anayapitisha Kampala. Lakini wapange wote mstari barabarani, uwaulize ni nani kati yao aliyewahi kudaiwa mwaka mzima bila kuingia uvunguni hata siku moja. Watatazama viatu vyao wote.

Kokushubira hakuingia uvunguni. Mjane wa Theoneste, mwembamba, upepo wa Machi ukimkuta na debe tupu kichwani unamyumbisha. Hana kaka polisi, hana mtoto mwanasheria. Ana kibanja cha migomba na miti arobaini ya kahawa ubavuni mwa nyumba. Hiyo miti ndiyo iliyoezeka bati, ndiyo inayonunua chumvi. Na hiyo ndiyo wadai wake waliyoitaka.

Deni lenyewe lilikuwa la butura. Kwa asiyezaliwa huku, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini. Umebanwa na shida, mnunuzi anakuja, anayaangalia maua, anakupa hela kidogo, halafu kahawa ikiiva anavuna yeye. Serikali imepiga marufuku na kila mtu anajua, ndiyo maana inafanywa kwa kunong'ona nyuma ya mgomba.

Theoneste alinong'ona na Egbert, mnunuzi wa mazao wa Nkwenda, akala laki mbili kwa maua ya miti yote arobaini. Hakumwambia mkewe. Kisha akaugua. Kahawa ilipoiva Kokushubira akaichuma yote kabla Egbert hajaja kuvuna, akaiuza, akalipia hospitali. Theoneste akamwambia habari za Egbert akiwa kitandani, siku nne kabla hajafa.

Mwingine angesema basi, mwenyewe kafa. Kokushubira aliuza ndama. Siku ya kuondoa matanga laki mbili alikuwa nazo, amezifunga kwenye pindo la kitenge. Mzee Gaudiosus, mkubwa wa ukoo, akasimama akatangaza kama ilivyo desturi:

"Anayemdai marehemu aseme leo. Asiyesema leo, asije kusema kesho."

Jirani akadai jembe lake, akapewa. Kokushubira akamtazama Egbert. Egbert yuko benchi la mbele, sahani ya pili ya ndizi kwa nyama, bega kwa bega na mtendaji wa kijiji, jicho la serikali. Akatafuna, akameza, hakusema kitu.

Kokushubira akajua amesamehewa. Hata hivyo zile hela hakuzila. Alizitia kwenye kopo la maziwa chini ya sanduku, na mwaka upepo ulipong'oa bati la jikoni alipika miezi miwili chini ya turubai, kopo halikuguswa.

Halafu bei ya kahawa ikapanda. Ilipopanda bei, na kumbukumbu ya Egbert ikapanda. Akatuma watu wawili: Clavery, mwenye tumbo na faili, na Anatory, mwenye pikipiki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kudai?"

Clavery alikuwa amejiandaa kwa kelele, hakujiandaa kwa swali hilo. "Ndiyo, mama."

"Basi kaeni. Mnanidai mmesimama, mmekuja kunikamata?"

Wakakaa. Akawapa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyopewa mgeni yeyote. Wakatafuna. Kisha Clavery akafungua faili: gunia kumi na mbili za kahawa kavu, la sivyo mzee Egbert avune miti yote arobaini misimu mitatu.

"Theoneste alichukua laki mbili," akasema Kokushubira. "Laki mbili ninazo, niwape sasa hivi."

Wakacheka mpaka Anatory akapaliwa na kahawa.

Toka siku hiyo, mwaka mzima, walikuja kama kodi. Walikuja Jumanne, walikuja Ijumaa. Walimpigia simu binti yake Sperancia kule Bukoba, wakampigia mwenyekiti wa kwaya, wakampigia hata fundi aliyemshonea sare ya kwaya. Wakikuta anapalilia, wanadai pembeni ya jembe. Yeye anaitikia shikamoo, anawapa kikapu, anarudia lile lile: laki mbili. Tumbo la Clavery lilizidi kunenepa kwa kazi ya kumdai yule mama.

Siku moja wakaamua kumwaibisha kanisani. Jumapili, ibada imeisha, watu wako nje kwenye mnada wa sadaka. Mnadishaji ameshika mkungu wa ndizi.

"Elfu nane! Elfu nane! Nani anamzidi mama mchungaji?"

Clavery akajitokeza katikati, akanyoosha mkono juu kumwonyesha Kokushubira. "Jamani, yule mama pale..."

"Elfu tisa! Mgeni wetu wa Nkwenda! Nani zaidi?"

"Hapana, mimi nasema yule mama..."

"Elfu kumi! Anajizidi mwenyewe! Jamani, mgeni ana moyo! Mpigieni makofi matatu!"

Makofi yakapigwa. Akina mama wakapiga vigelegele, Kokushubira mbele yao. Clavery akatoa elfu kumi. Kokushubira mwenyewe akaja kumsaidia kuufunga mkungu kwenye pikipiki.

"Kaza kamba, mwanangu. Usije ukamwaga sadaka njiani."

Clavery akapandwa na hasira, akamnong'oneza, "Mama, cheka tu. Utalipa."

"Nionyeshe karatasi aliyosaini mume wangu."

"Karatasi gani? Butura inaandikwa? Mzee Egbert alishindwa hata kuitaja kwenye matanga, mtendaji kamkalia ubavuni, wewe unataka karatasi!"

Anatory akamkanyaga mguu, lakini neno lilishatoka. Kokushubira akaishika ile kamba muda mrefu kidogo. Kumbe hakusamehewa. Mtu alimezwa na woga wake mwenyewe, na mwaka mzima anauhamishia kwa mjane.

"Nimechoka, wanangu," akasema kwa upole. "Mwambieni Egbert aje mwenyewe Jumamosi. Deni litakwisha."

Anatory alipiga honi mpaka njia panda.

Jumamosi Egbert akaja na pikapu na magunia matupu. Akakuta mabenchi uani. Mzee Gaudiosus yupo, majirani wapo, na mtendaji wa kijiji yupo, ameweka kofia gotini. Egbert akasimama na funguo mkononi, anatafuta pa kugeuzia gari.

"Karibu, baba," Kokushubira akasema, akasimama yeye mwenyewe, hakumsubiri mwanaume amsemee. "Wazee wangu, baba Egbert anasema mume wangu alikufa na deni lake. Siku ya matanga hakusema, labda mdomo ulikuwa umejaa. Leo sijapika. Aseme."

Watu wakaangua kicheko. Egbert akakohoa.

"Mimi... nilimsaidia marehemu."

"Ulimsaidia nini, baba?"

"Hela."

"Hela ya nini?"

Egbert akamtazama mtendaji. Mtendaji akatoa kalamu mfukoni, taratibu, akaifungua.

"Hela tu," Egbert akasema. "Ya kirafiki."

"Kiasi gani?"

"Laki mbili."

"Hiyo laki mbili ya kirafiki, ina gunia ndani yake?"

Clavery akafunga faili.

"Haina," akasema Egbert.

Mzee Gaudiosus akagonga fimbo. "Basi imekwisha. Aliyenyamaza kwenye matanga amepoteza. Ukoo hauna cha kulipa. Nenda, Egbert."

"Usimpe hata senti!" jirani akadakia. "Arudi na magunia yake!"

Na hapo ndipo Kokushubira alipowapita wote waliokuwa uani. Mlango ulikuwa wazi, ushindi ni wake, na hizo hela zingenunua mbuzi wanne. Akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa.

"Mzee, desturi naiheshimu. Lakini Theoneste alizichukua. Aliniambia kwa mdomo wake."

Akamhesabia Egbert mkononi noti ishirini za elfu kumi. Egbert akataka kuondoka.

"Bado. Sema mume wangu hadaiwi."

"Theoneste hadaiwi," Egbert akasema chini chini.

"Benchi la nyuma hawajasikia."

"Theoneste hadaiwi!" Akapaza mpaka bodaboda aliyekuwa akipita akasimama akauliza kuna nini. Watu wa benchi la nyuma wakamjibu kwa pamoja, "Theoneste hadaiwi!"

Kokushubira akafunika kopo tupu. Mzee Gaudiosus akasogea kwenye benchi lake la wazee, akapapasa nafasi pembeni yake.

"Kaa hapa, mama," akasema. Akakaa.