Fahali wa Kigongo na hedifoni za Leonsia

Saa tatu asubuhi, Kirumba, Mwanza. Malori ya dagaa yanapiga honi kuelekea soko la samaki la Mwaloni, kipaza sauti cha duka la jirani kinatangaza punguzo la viatu, na Leonsia Muganyizi anafuta sponji za hedifoni kwa kitambaa chenye maji ya limao.

Kila asubuhi huanza hivyo. Sponji hunyonya harufu, na harufu ya hapa inajulikana.

"Mteja wa Mwaloni hajali," anasema, akiinusa moja kabla ya kuitundika. "Lakini wa mjini akivaa akasikia dagaa, anakurudishia hapohapo. Anasema umemuuzia iliyovaliwa na mvuvi."

Juu ya meza yake kuna kibao cha bluu kilichoandikwa kwa herufi kubwa nyeupe: HEDIFONI BOLA ZA MUZIKI. Fundi aliyekiandika, Elias, ni Msukuma, na kwenye ulimi wa Wasukuma wengi herufi r hugeuka kuwa l bila mtu kushtuka. Leonsia, Mhaya wa Muleba, alikuwa amemwambia aandike "bora". Rangi ilipokauka alitamani kulia. Kisha akaona wapita njia wanasimama kukicheka, na waliosimama kucheka wakaanza kuuliza bei.

"Nikakiacha," anasema. "Kinaita watu kuliko mimi. Mimi naona haya kuita watu."

Leonsia ana miaka thelathini na sita na sauti ndogo inayomlazimu mteja kusogea karibu. Huuza hedifoni na eafoni, lakini wengi wanaofika kwake wanafuata kitu kimoja: hedifoni za kusikilizia hip hop. Vijana wa bodaboda, wanafunzi wa vyuo, wabeba magunia wa Mwaloni, wote wamekwisha kuambiana kwamba kwa Leonsia hupewi tu, unapimwa.

Mbele ya meza kuna stuli ya plastiki. Hakuna anayenunua bila kuikalia. Leonsia humvalisha mteja hedifoni, humwekea wimbo anaoupenda, kisha humpa amri yake moja: "Sema anachosema."

Hapo mteja huanza kurudia mistari ya rapa kwa sauti, pembeni mwa barabara, watu wakipita. Akikwama sana, Leonsia huivua ile na kuchukua nyingine.

"Kijana anakuja ananiambia, dada nipe yenye besi, nataka kichwa kitikisike," anasimulia. "Nampa. Kichwa kinatikisika. Namuuliza, haya, amesema nini? Hajui! Hip hop ni mtu anaongea na wewe. Kama humsikii, si ungenunua ngoma tu?"

Ana vipimo vingine. Hupunguza sauti taratibu. Maneno yakizama kabla ya mdundo, hiyo hedifoni hairudi kwenye ndoano ya mbele. Hupenda zinazofunika sikio lote, kwa sababu kelele za Kirumba hazingoji ubeti uishe. Lakini huangalia pia joto. "Ukitoka jasho kabla ya ubeti wa pili, hiyo si yako, hata kama ni nzuri." Zisizo na waya huziuza, ila huonya kwamba chaji ikiisha katikati ya mstari, mteja asimfuate nyumbani.

Na kila mara hulazimika kueleza herufi mbili ndogo zilizochorwa ndani. Wateja wengi huona L na kuiweka sikio la kulia. "Nawaambia, jamani, hii L si ya kulia. Ni ya kushoto. Wananiangalia kama nimechanganyikiwa."

Alijifunza kusikiliza akiwa kibarua kwenye kiwanda kimoja cha Nyakato. Alifika Mwanza akiwa binti wa miaka ishirini, Kiswahili chake kikiwa cha shuleni na chenye lafudhi ya Kihaya, na wenzake wakawa wanamwigiza kila akifungua mdomo. Akaacha kuufungua. Mashine zilikuwa na kelele, kila mfanyakazi alipewa vifunika masikio, naye akawa anapitisha eafoni chini yake na kusikiliza rapa wakifoka.

"Wale hawakunicheka," anasema. "Waliongea haraka, nami nikawa narudia polepole. Siku moja msimamizi akanitania, nikamjibu kwa vina. Mstari mzima wa mashine ukasimama!"

Anacheka huku akificha mdomo kwa kile kitambaa cha limao.

Siku nzuri huuza hedifoni sita au saba, nyingi za shilingi elfu kumi na tano. Siku ya mvua huuza waya wa chaji na kurudi nyumbani mapema. Amekwisha kuzoea. Ila Alhamisi hii, mteja wa kwanza si wa kawaida.

Ni mzee mrefu aliyevaa pama, kofia pana ya wafugaji, na koti zito licha ya jua. Anasoma kibao cha bluu kuanzia mwanzo hadi mwisho na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye hacheki.

"Shikamoo, mzee."

"Malahaba, mwanangu. Natafuta ledio ya masikio. Ile inayosema kweli."

Anaitwa Machibya Ngosha, mfugaji kutoka Kigongo. Anaketi kwenye stuli na kutoa simu ndogo iliyofungwa kwa mpira. Ndani yake kuna wimbo mmoja tu. Ni wa binti yake, Rebeka, anayesoma chuo hapa mjini na kufoka siku za mwisho wa wiki. Mzee hajaongea naye tangu Pasaka.

Kijijini, anaeleza, wimbo huo umefika ukiwa kipande. Vijana wa mnadani wamekata kiitikio na kukifanya mlio wa simu. Kila akipita na ng'ombe wake, wanapigiana makusudi ili simu ziimbe: *Baba yangu fahali, baba yangu fahali.*

Masalu, mbeba magunia aliyekuja kubadilishiwa waya, anashindwa kujizuia. "Sasa mzee, wewe mfugaji, fahali si sifa? Fahali ndiye bwana wa zizi!"

"Zizini, sawa," mzee anajibu bila kumtazama. "Mimi nilitoa ndama zizini, nikauza, mtoto akasome. Sasa amesoma. Ananiambia baba yake ni ng'ombe."

Masalu anainama kutazama viatu vyake.

Mzee alituma ujumbe kwamba Rebeka asikanyage nyumbani. Lakini Jumamosi binti huyo atapanda jukwaani Kirumba, na amemwomba mama yake, Dorotea, amlete baba. Dorotea hakubembeleza. "Mama Lebeka kaniambia nisikilize wimbo wote kwanza, ndipo ninune," mzee anasema. "Nikisikiliza kwenye simu, nasikia fahali na ngoma. Basi."

Leonsia anageukia ndoano zake. Anachukua hedifoni nyekundu, ile inayopendwa na vijana, labda kwa mazoea. Mzee anavua pama, anavaa, na mabega yanaruka.

"Hii inanipiga! Lebeka simuoni humu."

Ya pili ina sponji ndogo inayoteleza juu ya masikio yake makubwa. Leonsia anaishika kwa mikono miwili kichwani pa mzee, kama anayembariki, na Masalu anacheka hadi mzee naye anatabasamu kidogo. Haifai.

Ya tatu ni nyeusi, ya waya, haina urembo. Inafunika sikio lote. Leonsia anageuza L ikae kushoto, anapunguza sauti, anarudisha wimbo mwanzo.

"Mzee, sema anachosema."

"Mimi?"

"Kila mtu anasema. Hata huyu Masalu alisema."

Mzee anafumba macho. Barabara inaendelea na honi zake, lakini yeye hayupo tena barabarani. Anaanza kurudia, kwa sauti ya mtu anayesomewa barua.

"Uliuza ndama wako… nikaanza safali."

Anazikandamiza hedifoni masikioni.

"Kila jioni simu… unaniuliza habali. Wakiuliza mtaani… nani mtu hodali… namtaja baba yangu…"

Leonsia, ambaye hasikii chochote isipokuwa midomo ya mzee, ameanza kutabasamu. Anainama karibu na kuisogeza sponji moja pembeni.

"Malizia, mzee."

"Baba yangu fahali. Umesikia mwenyewe. Fahali!"

"Mzee, safali ni nini?"

"Safali! Ya kwenda mahali."

"Na habali?"

"Habali. Za nyumbani, za mifugo. Unanichekesha?"

"Na hodali?"

"Mtu shujaa."

"Haya. Sasa na fahali, akiwa amekaa na hao wenzake watatu?"

Mzee anatazama kibao cha bluu juu ya meza. Safari hii anakisoma polepole, neno kwa neno, na kwenye neno la pili macho yake yanakwama.

Ni Masalu anayelipuka kwanza. "Fahari, mzee! Fahari! Anajivunia wewe! Mtoto anakusifia mji mzima, wewe umenuna!"

"Lejesha," mzee anamwambia Leonsia. "Lejesha mwanzo."

Anasikiliza tena yote, hadi mwisho, bila kurudia hata mstari. Machozi yanamtoka, lakini mdomo unacheka, na hajui afute kipi. Mwishowe anavua hedifoni na kumpa Leonsia asikilize naye. Leonsia anasikiliza ubeti wa kwanza na kuanza kutikisika kwa kicheko.

"Mzee, ni kweli anasema fahali. Na safali, na habali. Chuo hakijamtoa hiyo l."

"Asitolewe!" mzee anasema kwa nguvu, kama anayezuia mtu kuchukua kitu chake. "Huyo ni wangu kabisa. Miezi yote hii nimenuna kwa ajili ya ulimi wangu mwenyewe."

Anazinunua zile nyeusi bila kuomba punguzo. Leonsia anampunguzia hata hivyo.

Akishaondoka, Leonsia anakaa kwenye stuli yake mwenyewe. "Watu wanadhani hedifoni nzuri inalibadilisha neno," anasema. "Hailibadilishi. Inakusikilizisha majirani zake. Neno likiwa peke yake, unaliona baya. Likiwa na majirani, unalielewa."

Rebeka, ambaye Leonsia alikuwa hajawahi kumwona, anasema hakujua kosa lake. "Niliambiwa tu baba hataki nije. Nikadhani ni kwa sababu nafoka, mtoto wa kike. Nikafikiria kuacha. Wimbo wenyewe nilimtungia yeye, sasa nikiacha nitakuwa nimemwimbia nani?"

Jumamosi jioni, upepo wa ziwa unapeperusha turubai la jukwaa kwenye uwanja wa wazi jirani na uwanja wa mpira. Mzee Machibya amefika mapema pamoja na Dorotea. Hedifoni nyeusi zimekaa shingoni mwake na waya umeingia mfuko wa shati, mfuko ambao hauna simu. Anapoulizwa amekuja nazo za nini, anajibu kwamba ni za kuheshimu mgeni. Hafafanui mgeni ni nani, ila macho yake yanamtafuta Leonsia.

Leonsia amesimama nyuma, kwenye giza la vibanda vya chipsi. Hakutaka kuja. Mzee alimpigia mara tatu.

Rebeka anapanda akiwa na raba nyeupe na suruali iliyomzidi. Anapofikia kiitikio, anasita kidogo. Kimya hicho kinajazwa na sauti moja nzito kutoka safu ya mbele:

"Fahali!"

Watu wanageuka. Mzee amesimama, pama juu. Kisha uwanja mzima unaitikia, "Fahali!", na Rebeka anapoteza ubeti wote wa pili kwa sababu hawezi kulia na kufoka kwa pamoja.

Anaposhuka, anapiga goti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Malahaba. Umekonda. Huko chuoni wanakupa chakula?"

Dorotea anamwambia mumewe aache maswali amshike mtoto mkono. Anamshika.

Tangu siku hiyo, wazazi wawili wengine wamefika Kirumba wakiwa na simu zenye nyimbo za watoto wao. Mmoja, mama wa makamo, alisikiliza na kuondoka akiwa na hasira zaidi kuliko alivyokuja. "Huyo alikuwa ametukanwa kweli," Leonsia anakiri, na kucheka. "Lakini alinunua. Alisema anataka kuyasikia vizuri matusi yenyewe ili ajue pa kuanzia."

Mwakani Leonsia anatarajia kuhamia kwenye fremu, chumba kimoja kidogo cha biashara mtaa wa pili. Mwenye nyumba amekubali kumshikia. Anataka mlango wa kufungwa, ili mteja asishindane na honi. Na anataka stuli mbili, na ule waya wa kugawa sauti, watu wawili wavae na kusikiliza wimbo mmoja kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja aseme alichosikia.

Kibao cha bluu atahama nacho, ila juu ya mlango kitakaa kingine kipya. Elias amekwisha kupewa kazi, na ameambiwa jina la duka kwa mdomo, kama mara ya kwanza.

"Nimemwambia aandike FAHARI," Leonsia anasema, akiinusa sponji na kuitundika mahali pake. "Akikosea, basi nitampigia mzee aje atufungulie duka."