Afisa Afya Asiyekaribishwa Chakula

Saa moja na nusu asubuhi, nyuma ya stendi ya mabasi ya Same, chapati zinageuzwa na chai inamiminwa. Rogathe Mchome anainama mlangoni mwa kibanda cha kwanza, koti jeupe mwilini. Ndani, watu watatu wanafanya kazi moja kwa pamoja: kufunika masufuria.

"Habari za asubuhi. Endeleeni tu," anasema. Hakuna anayeendelea.

Anafungua koki ya ndoo ya kunawia, maji yanatoka. Anaomba vyeti vya kupima afya vya wapishi, ambavyo hutakiwa kila baada ya miezi sita. Cha mmoja muda wake umepita kwa siku kumi. Anaandika, anatoa siku tatu za kwenda kupima, kisha anazunguka nyuma kutazama choo na shimo la taka. Mwenye kibanda anamfuata akieleza mambo ambayo hata hajaulizwa.

Wateja wanaendelea kula kimya. Katika mji huu, ukimkuta mtu usiyemjua anakula, atakukaribisha hata kama kwenye sahani limebaki tonge moja. Rogathe hakaribishwi. Ana miaka saba katika uafisa afya, na hakumbuki mara ya mwisho aliposikia "karibu chakula" akiwa kazini.

"Wakiniona wanajua natafuta nzi," anasema akicheka. "Na kweli namtafuta. Lakini na mimi nasikia njaa jamani."

Usimguse kwenye kazi yake, atakuweka kitako. Atakueleza habari za homa ya matumbo mpaka chai yako ipoe. Maafisa watatu wanatumia pikipiki moja, na mafuta yakikosekana anatembea kwa miguu, wakati mwingine mpaka vijiji vya milimani. Hilo anasema amelizoea.

Asilolizoea liko ng'ambo ya barabara. Ni kibanda cha makande cha Dorkas, mama yake mdogo.

Rogathe alifiwa na mama akiwa na miaka tisa, huko Chome, milimani. Dorkas ndiye aliyepanda mlima kwenda kumchukua, akashuka naye Same, akamlea kama wa kumzaa. Mahindi ya kukoboa, maharage, na maziwa ya Namelok, mama wa kifugaji anayeyaleta kutoka tambarare: sufuria hilo ndilo lililomsomesha Rogathe mpaka chuo cha afya.

Mwaka juzi wakati wa masika, mji ulikumbwa na ugonjwa wa kuhara na kutapika. Amri ikatoka kwamba kila sehemu ya chakula isiyo na choo na maji safi ya kunawa ifungwe. Vilikuwa vibanda kumi na kimoja. Cha Dorkas kilikuwa cha nne kwenye orodha.

Afisa mwenzake, Loth, alijitolea kwenda badala yake. Rogathe akakataa. Aliona ni kumvunjia mama heshima kumpelekea mtu baki.

Akaenda mwenyewe na mgambo wawili, mchana, mabenchi yamejaa. Akasimama, akafungua faili, akasoma amri kuanzia juu mpaka chini. Kwamba hakumwamkia kwanza, analitaja kwa kupita tu, kama jambo la pembeni.

"Niliogopa," anasema, na sasa hacheki. "Nikisema shikamoo, ataitikia marahaba mwanangu. Akishaniita mwanangu, ningefungaje?"

Dorkas hakubisha. Alizima moto, akafunga khanga kiunoni, akaondoka. Katika miezi miwili alichimba choo, akanunua ndoo za koki, akapima afya. Loth akakagua, kibali kikatoka, makande yakarudi jikoni.

Mama na mwana hawajasemezana tangu siku ile. Jumapili wanasali kanisa moja, mabenchi mbalimbali. Mara mbili Rogathe ametuma watu wamwombee radhi kwa kufunga kibanda, na mara zote mbili wamerudi na jibu lilelile: kibanda hakina neno. Yeye analisikia kama hasira.

Sasa amepata barua ya uhamisho kwenda Tunduru. Anaondoka mwisho wa mwezi.

"Nataka nikae kwenye lile benchi, aniwekee makande, aniambie kula," anasema. "Nayatamani mpaka nayaota. Nikiondoka hivi, nitakuwa nimeondoka Same kama mpita njia."

Anaingia kibanda kinachofuata. Mwandishi wa makala haya anavuka barabara.

Dorkas, mwenye miaka sitini na mmoja, anamwelekeza mgeni kwenye ndoo kabla salamu haijaisha, na anasimama kuhakikisha sabuni imetumika. Akiulizwa kuhusu siku ile, hazunguki. Anasema amri ilikuwa ya haki. Watoto wawili wa jirani walilazwa, na maji yake ya wakati ule hata yeye hakuyaamini.

"Kibanda nilimsamehe siku ileile," anasema. "Ila aliniacha bila shikamoo, mbele za watu. Nilikuwa nasubiri. Akasoma mpaka mwisho, na mimi mpaka leo nasubiri."

Hajawahi kumwambia. Kila siku anamwona akipita upande wa pili, amekonda, na moyo unamuuma, lakini salamu ya kudai haitaki. Anaomba haya yasimfikie Rogathe. Anataka aje mwenyewe, kwa akili zake.

Anakumbushwa kwamba haya yanaandikwa gazetini, na kwamba mwanawe husoma gazeti.

Dorkas anachukua mwiko, anakoroga kwa muda mrefu kuliko makande yanavyohitaji.

"Basi andika na hili," anasema. "Jumamosi sipiki ya biashara. Napika ya nyumbani."