Karatasi Niliyoiacha Kitini

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, miaka michache tangu turudi kutoka uhamishoni Uganda. Nilikuwa mke mchanga mwenye mtoto mmoja, Keji, na tuliishi Mangateen, hapa Juba, pamoja na baba mkwe. Mume wangu alikuwa amekwenda Nimule, mpakani, kufuata bidhaa.

Baba mkwe alikuwa na ule ugonjwa wa kuzibwa mkojo unaowapata wanaume wazee. Kliniki moja ya Buluk ilimwekea mpira wa kutolea mkojo, na mfuko wake ukawa unaning'inia kando ya mguu. Sasa nielewe vizuri. Kwetu, mke wa mwana hazungumzi na baba mkwe mambo ya chini ya kiuno. Hata neno mkojo sikulitamka mbele yake. Nilipoona anauficha ule mfuko kwa kofia yake ya kanisani, nilishona kifuniko cha kitenge nikakiacha juu ya kiti chake. Hakuuliza, sikusema. Kesho yake nikaona ameuvalisha mfuko. Ndivyo tulivyopendana, kimya kimya, na nilijiona mkwe bora.

Jumanne hiyo akaja Sista Achieng, yule nesi Mkenya aliyemwekea mpira. Alishuka kwenye bodaboda na daftari mkononi, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Mama Keji, mzee ako?"

"Amelala."

"Basi skiza wewe, niko na nyumba zingine za kufika. Ile mipira tuliletewa ni mibaya. Kiwanda chenyewe kimeandika barua. Paketi hazikuzibwa vizuri, uchafu umeingia. Yote inatolewa. Mlete leo nitoe huo, nimwekee mwingine. Bure."

"Nitamwambia."

"Leo, Mama Keji. Si kesho." Akanipa karatasi ya Kiingereza yenye namba za mipira hiyo. Aliponiona nimeinamisha macho, akacheka. "Ni mpira tu, mama. Si siri ya serikali!"

Baba mkwe aliamka, nikampelekea chai.

"Nani alikuja?"

"Sista. Anakusalimia."

"Huyo mama iko na mdomo kama redio," alisema, akacheka. Kisha akanitazama. "Salamu tu?"

Aliniuliza, mwanangu. Mlango alinifungulia yeye mwenyewe.

"Salamu tu, Baba."

Nilipiga simu ya mume wangu, haikushika. Mzee wa kanisa alikuwa jirani yetu, nyumba ya tatu tu. Ningeweza kumwita aseme yeye, mwanamume kwa mwanamume. Nikaona kutangaza aibu ya baba mkwe mtaani ni vibaya zaidi. Basi nikafanya kama nilivyofanya na kifuniko: nikaiacha ile karatasi kitini pake. Hapa ndipo ninapoona haya hadi leo. Nilijua hasomi Kiingereza. Alisoma Biblia ya lugha yetu, basi. Niliiacha pale ili moyo wangu upate kusema, nimemwambia.

Jumatano akala nusu ya chakula. Alhamisi akaomba blanketi mchana, na jua la Juba unalijua. Nikampa blanketi. Ijumaa asubuhi alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta, na jirani akatupeleka hospitali kwa gari lake.

Sista Achieng alipopata habari akaja mbio. Alimgusa paji la uso, akanigeukia. "Nilikuambia, ama sikukuambia?"

Baba mkwe alisikia. Alingoja nesi atoke kutafuta dawa.

"Ulijua?"

"Nilijua, Baba. Niliona aibu."

Alipumua kwa shida. "Aibu ilikuwa yangu," akasema. "Nani alikutuma kuibeba?"

Hakupaza sauti. Alifariki Jumapili, watu wakiwa bado kanisani.

Nilipopanga vitu vyake niliikuta ile karatasi ndani ya Biblia, imekunjwa vizuri. Aliifanya alama ya ukurasa.

Matangani wanawake walinisifu. "Huyu ndiye mkwe mwenye adabu, hakuwahi kumwinulia mzee macho." Nikanyamaza tena. Mume wangu nilimwambia baadaye, matanga yalipokwisha. Alinawa mikono, akatoka nje. Hajaligusa jambo hilo mpaka leo, na mimi sitamlazimisha. Mwiba wa kujidunga hauna pole.

Waliotengeneza ule mpira siwajui, wala hakuna hata mmoja wao aliyekuja kukaa nasi kwenye mkeka. Dhambi yao wanayo. Lakini nimewaza sana habari ya ile barua. Ilitoka kiwandani, ng'ambo huko, ikapanda ndege, ikashuka Juba, ikabebwa kwa bodaboda hadi mlangoni pangu. Ikafia mdomoni mwangu.

Mwanangu, wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: na anayemfichia mwenzake, kifo huwaumbua wote wawili. Nyinyi mna simu, mnatumiana kila kitu, lakini nawaona mnavyotazama chini nesi anapouliza habari za mama zenu na baba zenu. Mkiletewa habari ya dawa mbaya, au mpira mbaya, au sindano mbaya, mpelekeeni mwenyewe siku hiyohiyo, kwa maneno, katika lugha anayoielewa, na mngoje mpaka aseme amesikia. Ukishindwa kutamka, mwite anayeweza. Usiache karatasi kitini. Heshima inayomwacha mzee afe si heshima, ni woga uliovaa kitenge kizuri.

Mungu akupe wazee wa kuwatunza, na akupe mdomo wa kuwatunza nao. Siku utakapoulizwa "Salamu tu?", akufungue ulimi, useme: hapana, Baba, kuna jambo.