Maneno Aliyoleta Baba Kutoka Karakana

Enzi zetu pale Kaloleni, ukimtukana mtu kwa Kiswahili ulikula kofi la mzazi yeyote aliyekuwa karibu, hata kama si wako. Ukimtukana kwa lugha ya nyumbani, ulipakwa pilipili midomoni. Lakini ukimtukana kwa Kiingereza, wazee waliacha drafti yao, wakatazamana, na mmoja akasema, "Huyu mtoto anasoma." Sasa nani angehangaika na matusi ya Kiswahili?

Ndiyo maana mchongoano wetu, ule mchezo wa kushindana kwa matusi, ulikuwa wa Kiingereza. Jioni, tukishaosha miguu na kupakwa mafuta hadi magoti yanang'aa, tulikutana kwenye ngazi za ukumbi wa mtaa. Huku dagaa wa omena wanakaangwa, kule kwa jirani maharagwe yanatokota kwenye nazi, na sisi matumbo yananguruma. Wawili walisimama katikati, wengine tukawazunguka. Unamrushia mwenzako neno la mjinga, la mcheza vituko au la mwoga mwenye ujanja, naye anakurudishia jingine. Ukinyamaza, umeshindwa. Na ukitaja neno usilojua, umati unakupigia kelele, "Maana! Maana!" mpaka uieleze au ukae chini na aibu yako.

Wengi waliishia kwenye *fool* na *idiot*. Mimi na Zuhura, binti wa jirani yetu muuza vitambaa, tulikuwa ligi nyingine. Hata watoto wa mtaa wa pili, Mbotela, walivuka kuja kutusikiliza. Zuhura alikuwa na mdomo, mimi nilikuwa na baba.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika karakana moja kule Industrial Area. Wenzangu waliletewa mkate na baba zao. Mimi nililetewa maneno. Alinawa mikono kwa sabuni ya unga hadi grisi itoke, akanywa chai kikombe kizima, ndipo akasema, "Awino, leo nina moja." Na hakuleta neno tupu. Alikuwa amekwisha kumwuliza karani wa pale kazini maana yake. *Nincompoop* ni mtu ambaye hata ukimwonyesha mlango atatokea dirishani. *Scoundrel* ni mlaghai asiye na haya. *Buffoon* alituigizia, akitembea sebuleni tumbo mbele na kofia imegeuzwa, mpaka mama akaacha kusonga ugali, akaketi chini kwa kucheka. Nilidhani karakana ni mahali pa raha sana, wanaume wazima wakichongoana mchana kutwa kama sisi.

Jumamosi moja mchana, tukiwa tumejaa pale ngazini, gari la bosi wa baba likasimama mbele ya nyumba yetu. Mtambo ulikuwa umekwama, na baba alikuwa amekwisha kutoka kazini kama siku zote za Jumamosi. Alitoka nje na fulana, kijiko cha chai bado mkononi. Bosi hakusalimia. Alianza papo hapo, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wachezaji drafti: *blockhead*, kisha *nincompoop*, kisha *buffoon*.

Nasi, Mungu atusamehe, tulishangilia! Tulifikiri mchongoano umeanza. Tulikimbia tukawazunguka, tukipiga makofi kwa kila neno, na mimi kifua mbele, nikijua kinachokuja. Baba alikuwa na maneno yote yale kinywani. Angemmaliza huyu mtu.

"Mrudishie, Baba Awino!" Zuhura akapaza sauti. "Usikubali!"

Baba hakurudisha. Bosi akasema kama hawezi kufika mtambo unapoharibika, Jumatatu asijisumbue kuja, kisha akarusha neno ambalo hatukuwahi kulisikia: *poltroon*. Watoto wa mtaa mzima tukapaza sauti. "Maana! Maana! Maana!" Bosi akatukodolea macho. Nadhani hakuwahi kuulizwa swali na watoto wa watu anaowatukana.

Baba ndiye aliyejibu. Alitugeukia, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ile ile ya kila jioni baada ya chai, "Ni mwoga. Maana yake mwoga." Halafu akamkabidhi mama kijiko, akachukua sanduku la vifaa na kuingia garini.

Sikupiga makofi. Nilisimama pale na vumbi la gari, na maneno yote aliyowahi kuniletea yakanirudia moja baada ya jingine, nikajua yalikotoka.

Alirudi magharibi na matumbo ya mbuzi kutoka machinjio ya Kiamaiko, yamefungwa kwa gazeti. Tulikula bila kutazamana. Siku chache baadaye Zuhura alimsimamisha mlangoni akamwomba neno jipya. Baba akacheka kidogo. "Yameisha, mama," akamwambia.

Siku hizi vijana wetu hawana kazi ngumu hivyo. Mjukuu wangu Brayo ana neno moja tu, *clown*, na analitumia kwa kila kiumbe: mwalimu, refa, hata mvua. Akichoka kuandika kwenye simu anabonyeza kile kisura chenye pua nyekundu, kisha anamfungia mwenzake asimfikie tena, yamekwisha. Hakuna anayedai maana. Hakuna anayesimama uso kwa uso na mtu aliyemtukana, kisha wakaenda kuchota maji pamoja. Nilimhadithia habari ya siku ile, akaiacha simu, jambo ambalo ni muujiza.

"Shosho, mimi ningemrudishia huyo msee," akasema. "Zote! Mpaka hiyo ya mwisho."

"Ungemrudishia," nikamwambia. "Huna mtoto wa kumlipia karo."

Akaniuliza kama baba yangu alijua kwamba nilielewa maneno yale yalikotoka. Hapo ndipo maneno yaliniishia, mimi niliyekuwa bingwa wa Kaloleni nzima. Tulimzika kwetu Ugenya, na katika miaka yote ile tuliyokunywa chai pamoja, sikuwahi kumwambia.